Damu ya Maracaibo

Msomaji, ukiwa na ramani ya dunia karibu nawe, ifunue penye Amerika ya Kusini, kisha upeleke kidole chako juu kabisa, upande wa kaskazini, katika nchi iitwayo Venezuela. Hapo utaona maji yaliyoingia ndani ya nchi mithili ya mfuko uliokazwa mdomo kwa kamba. Hayo ndiyo maji ya Ziwa la Maracaibo. Wafanya biashara wa mafuta ya petroli wanalijua sana ziwa hilo, maana utajiri mwingi umetoka chini yake. Lakini habari nitakayokusimulia si ya mafuta. Ni habari ya damu ya wavuvi maskini walioishi kando ya maji hayo, na ya mwanamke mmoja wa Marekani aliyekwenda kuiomba, naye akijua kwamba huenda damu yake mwenyewe ilikuwa na kasoro ile ile.

Imenipasa kwanza nikueleze maradhi yenyewe. Yanaitwa ugonjwa wa Huntington. Huanza polepole, aghalabu mtu awapo kati ya umri wa miaka 30 na 50. Kwanza kidole hurukaruka pasipo kuamriwa, kikombe huponyoka mkononi, hasira huwaka bila ya sababu. Kisha mikono, miguu na uso huanza kucheza vyenyewe, wala mgonjwa hawezi kuvizuia, na mwendo wake huwa wa kuyumba kama wa mlevi. Baadaye fahamu nazo hudhoofika, kumeza chakula huwa kazi nzito, na baada ya miaka 10 hadi 20 hivi mgonjwa hufa. Chanzo chake kimo katika ubongo. Ndani sana, katika sehemu iitwayo striatamu, ambayo mojawapo ya kazi zake ni kutawala mwendo wa viungo, seli hufa moja moja, mwaka baada ya mwaka, wala haziwi kama ngozi ambayo huota tena juu ya kidonda.

Jina la maradhi ni la daktari kijana wa Marekani, George Huntington. Baba yake na babu yake walikuwa madaktari pia, wakitibu watu wa East Hampton, katika kisiwa cha Long Island karibu na New York. Siku moja, George alipokuwa mtoto akifuatana na baba yake kwenda kuwaangalia wagonjwa, walikutana njiani na wanawake wawili, mama na binti yake, warefu, wembamba, wakiinama na kujinyonganyonga na kukunja nyuso. Baba akasimama akazungumza nao, kisha wakaendelea na safari. Mtoto hakuisahau sura ile. Hata mwaka 1872, akiwa na umri wa miaka 22 tu, alichapisha makala fupi kuhusu ugonjwa huo, akitumia yale aliyoyaona pamoja na yale waliyoyaandika baba na babu yake juu ya jamaa zile zile kwa miaka mingi. Hapa ndipo naona faida kubwa ya daktari wa kijijini: aliye mgeni humwona mgonjwa mmoja, lakini daktari aliyerithi kazi kwa baba na babu huona vizazi vitatu kwa mara moja. Huntington aliandika kwamba mzazi akiwa na maradhi haya, watoto wake wamo hatarini. Lakini mtoto akisalimika maisha yake yote, basi uzi umekatika, na wajukuu na vitukuu hawatapata kabisa. Alisema hayo wakati ambapo kazi ya mtawa Gregor Mendel juu ya urithi wa njegere, iliyochapishwa mwaka 1866, ilikuwa imelala bila ya kusomwa, nayo haikuamka mpaka mwaka 1900.

Kanuni ya urithi wake ni rahisi kuitaja na ngumu kuishi nayo. Kila mtoto wa mgonjwa ana nusu ya bahati na nusu ya msiba. Nimepata kurusha sarafu ya shilingi mbele ya wanachuo wangu, ikaangukia upande ule ule mara tatu mfululizo. Nikawauliza, je, ya nne itakuwaje? Wengi walijibu kwamba sasa ni zamu ya upande wa pili. Walikosea, na hawakosei peke yao, maana sarafu haina kumbukumbu wala haijui zamu. Kadhalika katika nyumba yenye maradhi haya, watoto wanne waweza kurithi wote, ama kuepuka wote, na kupata kwa kaka hakumkingi dada. Tena, kwa kuwa maradhi hujionyesha mtu akiwa amekwisha kuoa au kuolewa na kuzaa, mzazi hujua habari yake wakati watoto wamekwisha kuzaliwa.

Hayo ndiyo yaliyoipata nyumba ya Bwana Milton Wexler, mtaalamu wa maradhi ya nafsi katika mji wa Los Angeles. Mkewe, Bibi Leonore, alikuwa msomi wa elimu ya viumbe, naye katika ujana wake alijifunza habari za urithi katika Chuo Kikuu cha Columbia. Baba yake alikufa kwa ugonjwa wa Huntington, na ndugu zake watatu wa kiume wakaupata. Alipokuwa msichana aliambiwa kwamba huwapata wanaume tu. Asubuhi moja mwaka 1968, alipokuwa akivuka njia, askari polisi alimwuliza haoni haya kulewa mapema namna ile. Hakuwa amekunywa kitu. Muda si muda daktari alithibitisha jambo ambalo askari aliliona bila ya kulielewa.

Bwana Wexler aliwaita binti zake wawili, Alice na Nancy, akawaeleza yote. Nancy alizaliwa mwaka 1945, kwa hiyo alikuwa msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia katika maisha. Alisikia katika mazungumzo yale yale kwamba mama yake atakufa, na kwamba yeye na dada yake kila mmoja ana nusu ya hatari ya kufa kifo hicho. Wale ndugu wawili waliazimia kutokuzaa watoto. Ama baba yao, hakuwa mtu wa kukaa akilia. Mwaka ule ule wa 1968 alianzisha shirika la kutafuta tiba, akifuata njia ya Bibi Marjorie Guthrie, aliyepata kuwa mke wa mwimbaji Woody Guthrie aliyekufa kwa ugonjwa huu mwaka 1967. Desturi yake ilikuwa kuwakusanya wanasayansi vijana wachache katika chumba kimoja, na kuwakataza wasisome hotuba walizokuja nazo. Alitaka wabishane. Naye Nancy akasomea elimu ya nafsi, akapata shahada ya udaktari mwaka 1974, na jambo alilochagua kuliandikia lilikuwa habari za watu wanaoishi katika hatari hiyo. Mama yake alifariki mwaka 1978.

Sasa, msomaji, turudi kwenye ramani yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, daktari mmoja wa Venezuela, Américo Negrette, alipelekwa kufanya kazi San Luis, mtaa wa maskini katika mji wa Maracaibo. Alipowaona watu wakipepesuka barabarani alidhani ni walevi, kama yule askari wa Los Angeles. Wenyeji ndio waliomsahihisha: hao si walevi, ni wagonjwa, na ugonjwa wenyewe ni wa jamaa zao. Negrette akafanya jambo ambalo wasomi wengi hawalifanyi, yaani aliwaamini watu wasiosoma. Aliwafuata nyumba kwa nyumba, akaandika nani mzazi wa nani, na mwaka 1955 akawatangazia madaktari wenzake kwamba huo ni ugonjwa wa Huntington. Hawakumjali sana. Lakini mwaka 1972, wanasayansi walipokutana huko Ohio kuadhimisha miaka 100 ya makala ya Huntington, mwanafunzi wake mmoja alileta filamu fupi. Katika filamu ile walionekana wagonjwa wengi pamoja, mahali pamoja, jambo ambalo hakuna mtu katika mkutano ule aliyepata kuliona.

Kwa nini wingi ule ulikuwa na thamani? Kwa sababu hakuna aliyejua kasoro yenyewe iko wapi. Mwili wa binadamu una maandiko ya urithi, yaitwayo DNA, yenye herufi zipatazo bilioni tatu, yaliyogawanywa katika kromosomu 23 kutoka kwa baba na 23 kutoka kwa mama. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wanasayansi walibuni njia ya kutafuta jeni wasiyoijua kwa kutumia alama zilizo karibu nayo. Tuseme unatafuta nyumba ya mtu usiyemjua katika mji mkubwa. Huna jina la mtaa, lakini umegundua kwamba kila mara aonekanapo, aonekana karibu na mbuyu fulani. Basi hujapata nyumba, ila umepata mahali pa kuanzia kubisha hodi. Kadhalika, ikiwa katika ukoo mmoja kila mgonjwa amerithi alama fulani, na kila mzima ameikosa, jeni mbaya haiko mbali na alama hiyo. Lakini ili usidanganywe na bahati tu, yahitajika ukoo mkubwa sana, wenye watoto wengi na vizazi vingi. Ukoo wa namna hiyo ulikuwa Maracaibo.

Nancy Wexler alifika huko mara ya kwanza mwaka 1979, na tangu mwaka 1981 akawa akienda na kundi la wenzake kila mwaka, kwa muda wa miaka zaidi ya 20. Walikwenda San Luis. Walikwenda Barranquitas, kijiji cha wavuvi ukingoni mwa ziwa. Walisafiri kwa mashua mpaka Laguneta, ambako nyumba zimejengwa juu ya nguzo majini. Waliwauliza wazee majina ya baba na babu, wakayaunganisha, hata uzi mwingi wa vizazi ukawafikisha kwa mwanamke mmoja aliyeishi mwanzoni mwa karne ya 19, jina lake María Concepción Soto. Matawi ya ukoo huo na ya jamaa nyingine zenye maradhi hayo yaliandikwa yote, na katika makala iliyotolewa mwaka 2004 hesabu yake ilikuwa watu 18,149 wa vizazi 10. Picha ya nasaba hiyo ilibandikwa ukutani nje ya ofisi ya Nancy katika Chuo Kikuu cha Columbia, ndefu kama ukuta wenyewe. Kwa desturi ya wanaelimu, mwanamke huandikwa kwa duara na mwanamume kwa mraba, na aliye mgonjwa hutiwa wino mweusi.

Kuandika majina ni jambo moja, kutoa damu ni jambo jingine. Fikiri mwenyewe: wageni wamekuja kutoka nchi tajiri, wana sindano, wasema lugha yako kwa shida, wanataka damu yako na kipande kidogo cha ngozi yako, na dawa hawana. Wewe ungekubali? Nancy aliwaambia kwamba mama yake alikuwa na ugonjwa ule ule, na kwamba yeye pia amekwisha kutoa damu na ngozi yake. Wengi walistaajabu kusikia kwamba ugonjwa huo uko Marekani. Wengine walidhani ni maneno matupu. Ndipo mwuguzi aliyekuwa katika kundi lao, Bibi Fidela Gómez, alipomshika Nancy mkono, akauinua juu, akazunguka naye kati ya watu akiwaonyesha kovu dogo lililoachwa na kisu cha daktari, huku akipaza sauti: anayo alama, anayo alama! Kovu lile lilifanya kazi ambayo hotuba haikuweza. Watu wakaja, na kwa miaka ile yote damu iliyotolewa ilikuwa ya watu zaidi ya 4,000.

Damu hiyo ilipelekwa kwa ndege hadi Boston, kwa mwanasayansi kijana aitwaye James Gusella. Wakubwa wa elimu hiyo walikuwa wamekadiria kwamba kazi ya kutafuta alama ingechukua miaka mingi, labda makumi. Gusella alijaribu alama chache tu, hazikufika hata ishirini, na mojawapo ikalingana na maradhi. Kwanza iliashiria katika jamaa moja ya Marekani, ila kwa udhaifu. Alipoipima katika damu ya Maracaibo shaka ikaondoka. Alama ilikuwa katika kromosomu ya nne. Habari hiyo ilichapishwa mwezi wa Novemba 1983, nayo ilikuwa mara ya kwanza kwa maradhi ya kurithi kupatiwa mahali pake kwa njia hiyo, wakati hakuna aliyejua kromosomu ya kuanzia.

Baada ya bahati ile kubwa ilifuata taabu. Mbuyu ulikuwa umeonekana, nyumba haikuonekana. Makundi sita ya wanasayansi wa Marekani na Uingereza yalipekua ncha ya kromosomu hiyo kwa miaka 10. Mara nyingi walidhani wameipata, wakajikuta wamepotea. Hata mwezi wa Machi 1993 wakatoa makala moja, na badala ya kugombea sifa, wote 58 walitajwa kwa pamoja.

Na kasoro yenyewe ni nini? Ni kigugumizi. Ndani ya jeni hiyo mna herufi tatu, C, A na G, zinazorudiwarudiwa. Watu wengi hurudia mara 35 au pungufu, wala hawapatwi na kitu. Mwenye 36 hadi 39 huenda akaugua, huenda asiugue. Mwenye 40 au zaidi, akijaliwa maisha ya kawaida, ataugua, na kadiri hesabu inavyozidi ndivyo maradhi yanavyowahi, hata baadhi huugua utotoni. Kwa nini basi mtu azaliwe nayo, aishi mzima miaka 40, ndipo aanguke? Jibu lilichelewa. Mwaka 2025 watafiti wa Boston walionyesha kwamba ndani ya seli za striatamu kigugumizi hicho huongezeka polepole maishani. Kwa miaka mingi seli huvumilia, lakini marudio yakizidi 150 hivi, seli huanza kuharibika na kufa. Hivyo saa ilikuwa ikienda muda wote, ila mshale wake ulikuwa haujafika.

Ugunduzi wa mwaka 1983 ulileta jambo ambalo waliokuwa wakiutafuta hawakuwa wamejiandaa kwalo vya kutosha. Tangu mwaka 1986 iliwezekana kumpima mtu mzima, asiye na dalili yoyote, na kumwambia kama atapatwa. Tiba haikuwapo. Kabla ya hapo wengi wa watoto wa wagonjwa walikuwa wakisema kwamba kipimo kikipatikana watapimwa mara moja. Kilipopatikana, waliokuja walikuwa wachache kuliko waliotarajiwa. Nancy Wexler, aliyefanya kazi zaidi ya wengi ili kipimo hicho kipatikane, alikuwa miongoni mwa waliowataka madaktari wasimpime mtu yeyote kabla ya kumkalisha kitako na kumwuliza: je, nikikwambia ndiyo, utaishije kesho? Ulimwengu ulitaka kujua kama yeye amepimwa. Hakujibu. Nimewauliza wanafunzi wengi wangefanya nini mahali pake, na sikupata kuona darasa likikubaliana. Mimi nami nimebadili shauri langu zaidi ya mara moja.

Ama watu wa Maracaibo, walipata nini? Swali hili halipendezi, lakini historia isiyoliuliza ni historia ya upande mmoja. Kwa damu yao ilipatikana jeni. Kwa jeni hiyo vikapatikana vipimo vinavyotumiwa katika nchi nyingi, na wanyama wa majaribio, na mamia ya makala, na sifa. Kundi la Nancy lilileta nguo, chakula na dawa za kawaida, na mwaka 1999 ikafunguliwa huko nyumba ya kuwatunzia wagonjwa, chini ya daktari mmoja mwanamke aliyewajua kwa majina. Baadaye Venezuela ikaingia katika dhiki kubwa, dawa na chakula vikawa haba, na nyumba ile ikafungwa kwa kukosa fedha. Vidonge vya kutuliza mitikisiko, vilivyoruhusiwa Marekani mwaka 2008, si vya bei ya mvuvi. Mwezi wa Mei 2017 baadhi ya wagonjwa wa Amerika ya Kusini, wakiwamo wa Venezuela, walipelekwa Roma wakaonana na Papa Fransisko, aliyesema hadharani kwamba ugonjwa huu usifichwe tena. Wengi wao hawakuwa wamepata kutoka nje ya nchi zao. Sidhani kwamba Nancy na wenzake walikuwa wezi. Mtu hawezi kukaa miaka 20 na zaidi akiwakumbatia watu ambao majirani zao wenyewe waliogopa kuwashika, kisha akaitwa mwizi. Lakini deni ni deni hata likiwa la mtu mwema, na hili halijalipwa.

Tiba nayo imekawia. Dawa moja iliyotegemewa sana, ya kupunguza protini mbaya inayotengenezwa na jeni hiyo, ilisimamishwa katikati ya majaribio mwezi wa Machi 2021, kwa kuwa wagonjwa hawakupata nafuu. Mwaka 2025 zikasikika habari za tiba nyingine, inayotiwa ndani ya ubongo wenyewe kwa upasuaji. Katika wagonjwa wachache waliojaribiwa ilionekana kupunguza mwendo wa maradhi, na wachunguzi bado walitaka kuhakikisha.

Bwana Milton Wexler alifariki mwaka 2007, baada ya kuishi karibu miaka 100. Binti yake Alice, aliyekuwa mwanahistoria, aliandika kitabu kuhusu jamaa yao, yeye hakurithi. Nancy aliendelea na kazi yake Columbia. Waliomfahamu waliona mwendo wake ukibadilika, na mikono yake ikicheza, wakanyamaza kwa kuwa yeye alinyamaza. Mwezi wa Machi 2020, akiwa na umri wa miaka 74, alimwambia mwandishi wa gazeti la New York kwamba yeye pia ni mgonjwa wa Huntington, na kwamba ameamua kulisema ili wenzake katika maradhi hayo wasione haya tena.